Mwili Si Gazeti

Ipo salamu moja ambayo, lau ningepewa mamlaka kwa siku moja tu, ningeipiga marufuku tangu huku kwetu Kinole hadi kule chini Mkuyuni. Ni ile ya kumtazama mtu kutoka utosini hadi unyayoni kabla hajatua hata mzigo wake, kisha kumwambia, "Mbona umekwisha hivyo?" au, "He! Umenenepa, unakula nini peke yako?" Hutolewa kwa kicheko, aghalabu kwa mapenzi, na mwenye kuitoa huenda zake akiamini kwamba amemjulia mwenzake hali. Mimi nasema hakumjulia hali. Amemsomea hukumu, na wala hakumpa nafasi ya kujitetea.

Ndugu msomaji, sisi watu wa milimani tumezoea kuusoma mwili wa mtu kama gazeti. Tunatazama kichwa cha habari tu, habari yenyewe tunaijaza wenyewe. Mtoto akikonda, habari ni kwamba mama yake hakutulia. Mtu mzima akikonda, ameungua. Mwanamke akinenepa, ni mvivu, tena anakula chakula cha wanawe. Mwanamume akiota kitambi, huyo peke yake ndiye anayepishwa kiti. Najua ninalolisema, kwa sababu mimi ni mwanamke mnene, nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 30, na katika miaka yote hiyo sikumbuki wiki iliyopita bila mtu kunieleza habari za mwili wangu kana kwamba mimi sikai ndani yake. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya uchungu wangu. Mimi nimekwisha kuota sugu. Nimeishika kwa sababu nimeona watu wakifa kwa usomaji huu.

Nianze na watoto, maana hapo ndipo ninapokasirika zaidi.

Kuna neno kubemenda. Asiyelijua amshukuru Mungu. Wazee walifundisha kwamba mama anayenyonyesha, au baba wa mtoto, akitoka nje ya ndoa, au mama akibeba mimba nyingine kabla mtoto hajaachishwa ziwa, tendo lile humdhuru mtoto: atakonda, ataharisha, miguu italegea, hatatembea kwa wakati. Mtoto wa namna hiyo husemwa amebemendwa. Siudharau mwiko huo. Katika siku ambazo hapakuwa na njia nyingine ya kupanga uzazi, ulimpa mama muda wa kupumzika na ulimpa mtoto ziwa lake kamili. Ila mwiko uliokuwa uzio umegeuka kuwa fimbo, na fimbo yenyewe humwangukia mama tu. Baba hutajwa katika mafundisho. Katika masengenyo hatajwi.

Basi fikiri siku ya kupima watoto kijijini. Mizani inaning'inizwa kwenye tawi la mwembe. Akina mama wamekaa chini kwa foleni, kila mmoja na kadi yake mkononi. Mtoto anavalishwa ile suruali yenye kamba, ananing'inia hewani akilia, na mhudumu anasoma kilo kwa sauti ili mwenzake aandike. Kadi ina rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu. Nukta ikiangukia kwenye nyekundu hakuna haja ya kutangaza. Shingo zimekwisha kugeuka.

Palikuwa na binti mmoja, jirani yangu, mwenye mtoto wa tatu. Mumewe alikuwa Dar es Salaam akibangaiza. Mtoto akaangukia kwenye kijivu. Mwezi uliofuata akaangukia kwenye nyekundu, na mhudumu, mbele ya foleni nzima, akauliza, "Wewe, huyu mtoto umemfanya nini?" Hakusema zaidi ya hapo, na hakuhitaji kusema zaidi. Mume hayupo, mtoto amekonda. Hesabu ile kila mmoja alikwisha kuifanya kichwani. Binti yule hakurudi tena chini ya mwembe. Alimpeleka mtoto kwa mganga, akaogeshwa dawa na kufungwa hirizi. Miguu ya mtoto ilipovimba na nywele zake kuwa nyepesi na nyekundu, wakawa wanamfunika kanga kila anapopita mgeni. Alifariki kabla ya masika. Ilikuwa kwashakoo, ugonjwa ambao zahanati inaujua na hospitali inautibu, na mtoto huyo alikuwa anaishi mwendo wa nusu saa kutoka kwenye zahanati. Nusu saa ile mama yake aliiona ndefu kuliko safari ya kwenda Dar es Salaam.

Nilisikia watu msibani wakisema, "Alimbemenda." Hata kaburini walimfuata nayo.

Na kukonda kwa watoto wetu hakuna siri yoyote. Huku kwetu ndizi huoza njiani wakati wa mvua, magari yanaposhindwa kupanda. Tuna machungwa, machenza, mananasi na mafenesi; tuna pilipili manga, karafuu na mdalasini. Mgeni akiona ukijani huu anaapa kwamba hapa hapajawahi kuwa na njaa. Lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza ndizi na muhogo mara mbili kwa siku, limejaa na mwenye tumbo bado ana njaa. Mayai yanauzwa ili inunuliwe sabuni na chumvi. Mama anaondoka alfajiri na mkungu kichwani, anarudi jioni, na mtoto anashinda na dada yake mwenye miaka saba, ambaye naye ni mtoto. Ongeza malaria, ongeza minyoo na kuharisha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 30. Nawauliza mabingwa wa kubemenda: je, nchi hii ina wazinzi wangapi?

Kadi yenyewe haikubuniwa kwa kazi tuliyoipa. Asili yake ni Ilesha, Nigeria, ambako daktari Mwingereza, David Morley, alikuwa akifanya kazi katika miaka ya 1950 na 1960. Alitaka mambo mawili. Kwanza, kadi ikae nyumbani kwa mama mwenyewe, isifungiwe kwenye kabati la hospitali. Pili, utazamwe mwelekeo wa mstari, maana nukta moja haisemi mengi: mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda anaendelea vizuri, na mtoto aliyenona ambaye mstari wake umelala ndiye wa kuhangaikia. Kumbe ilikusudiwa kuwa mazungumzo ya watu wawili, mama na mhudumu, na yawahi kabla mambo hayajaharibika. Sisi tumeifanya ripoti ya tabia, tena ya kusomwa hadharani.

Kwa watu wazima, aliyetufundisha kusoma zaidi ni UKIMWI. Waganda waliuita Slim, yaani ugonjwa wa kukonda. Ndugu zetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fasheni ya wakati ule. Vijana wa mjini wakazichukua herufi za jina lake la Kizungu wakasema ni Acha Iniue Dogodogo Siachi. Tangu hapo mtu hakuruhusiwa tena kukonda kwa kifua kikuu, wala kwa kisukari, wala kwa vidonda vya tumbo, wala kwa kufiwa. Aliyekonda aliungua, basi. Nimewajua watu waliokuwa na kifua kikuu kitupu, kinachotibika kwa vidonge, waliokaa ndani hadi walipotapika damu, kwa sababu kutoka nje na mwili ule kulikuwa sawa na kutangaza jambo ambalo hata si la kweli. Na waliokuwa nacho kweli kirusi walikaa ndani vilevile.

Dawa za bure zilipoanza kutolewa mwaka 2004, nilidhani gazeti hili litafungwa. Wapi! Moja ya dawa za mwanzo, stavudini, iliokoa roho nyingi, lakini iliwakausha wengine mashavu na miguu huku matumbo yakijaa, na watu wakajifunza haraka kuisoma sura ile. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe hatua kwa hatua. Kisha, mwaka 2019, ikaingia nchini dolutegraviri, dawa bora kuliko iliyoitangulia, na baadhi ya wanaoitumia huongezeka uzito. Sasa gengeni nasikia, "Yule kanenepa ghafla, bila shaka kaanza dawa." Yaani akikonda anao, akinenepa anao. Niambieni, mtu huyu avae mwili gani?

Nikija kwa wanene, naomba nianzie mbali kidogo. Zamani mwali wa Kiluguru aliwekwa ndani miezi mingi, wengine hata miaka. Hakulima, hakuchota maji, hakupigwa na jua. Alipotolewa, ngozi imetakata na mwili umejaa, ukoo wa mama yake ulitembea kifua mbele, kwani unene ule ulionyesha kwamba kwao kuna chakula na kuna watu wa kumtunza. Bibi yangu alipenda kunipapasa mikono na kusema sitahitaji kungwi wa kuninenepesha. Kisha mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mnyonyaji akaitwa kupe, yule mdudu anayevimba kwa damu ya mwingine. Nilikuwa mtoto wa shule. Tulichora bepari mwenye tumbo kama pipa, na wenzangu wakanigeukia. Sasa tuko katika zamu ya semina, ambapo mtaalamu hutoka mjini na gari, anaonyesha picha ya mwanamke mnene, watu wanacheka, na posho inagawiwa. Mwili wangu huu huu, ndugu msomaji, umewahi kuitwa baraka, umeitwa unyonyaji, na siku hizi unaitwa uzembe. Kitambi cha mheshimiwa, nimeona, kimepita zama zote tatu bila kuguswa.

Katika zahanati moja ambayo sitaitaja nilikwenda na kikohozi cha wiki tatu. Kabla sijaketi niliambiwa, tena kwa sauti ya kufurahisha waliokuwa kwenye benchi, "Mwalimu, wewe dawa yako ni kupunguza sahani." Kikohozi hakikuulizwa. Mbele yangu alikuwa ametoka mama mwingine, mnene kama mimi, aliyekwenda kwa kuumwa kichwa na kuona vimulimuli. Yeye aliambiwa afanye mazoezi. Mwanamke huyo hubeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka shamba la juu kabisa hadi barabarani, siku sita kwa wiki, katika mteremko ambao aliyemshauri angeupanda mikono mitupu na bado angepumzika mara tatu. Alicheka tu akaondoka. Hakuna aliyemfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi.

Hapo ndipo penye kosa kubwa, na si kosa la adabu tu. Mwaka 1992 ulianza mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Hai, na wilaya yetu ya Morogoro Vijijini. Wachunguzi walikwenda majumbani wakiwauliza wafiwa jinsi marehemu alivyougua. Habari za kiharusi zilichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Katika sehemu zote tatu, watu wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakifa kwa kiharusi kwa kiwango kilichozidi cha Uingereza na Wales, nchi za watu wanaokula siagi na kukaa kwenye viti. Morogoro Vijijini ya miaka ile ilikuwa na wanene wangapi? Wengi wao walikuwa wakulima wa jembe la mkono, wakavu kama mpini. Watafiti walielekeza kidole kwenye presha isiyotibiwa. Mkulima mwembamba alipita mbele ya macho yetu, tukamwona mzima, kwa kuwa gazeti lake halikuwa na kichwa cha habari; akaanguka shambani, tukasema amerogwa. Jicho letu lilimdhulumu mnene kwa kumtukana, na likamdhulumu mwembamba kwa kumpitisha.

Hata ile hesabu ya kugawanya uzito kwa urefu mara urefu, ambayo sasa inabandikwa ukutani kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni, mwanzo wake ni Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, wala si tabibu; alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika umati wa watu. Kwa kupima taifa inafaa. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yako, inafaa kukukumbusha kwamba hujampima bado.

Nisije nikaeleweka vibaya, maana wapo wanaotaka kunichukua upande wao bila ridhaa yangu. Hao husema unene ni uzuri wa Kiafrika, Wazungu watuachie, mtoto wa kike ajae. Siwafuati. Magoti yangu yananiambia ukweli kila ninapopanda kutoka sokoni. Uzito mwingi huongeza hatari ya kisukari na ya presha, na kisukari nimekiona kikimkata mtu mguu kwa awamu, kidole, kisha unyayo, kisha goti. Mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2015–16 wakawa 28. Hilo ni jambo zito. Lakini ongezeko la namna hiyo katika miaka mitano au sita haliwezi kuwa kwamba wanawake wa Tanzania waliamka siku moja wakaamua kuwa wazembe. Mafuta ya kupikia yameingia kila genge. Soda iko hadi huku juu, ambako maji safi ya bomba bado ni ya kubahatisha. Mjini chipsi ni chakula cha haraka cha mtu asiye na muda wala jiko, na mwendo wa miguu umechukuliwa na daladala na bodaboda. Haya yana wenyewe, yana wafanyabiashara wake na yana sera zake, na hao hawapandi kwenye mizani ya mtu yeyote. Anayepandishwa ni mama mmoja mmoja, akiwa na viatu mkononi.

Na biashara nayo inajua pa kuvuna. Mjini nimeona meza moja ikiuza dawa ya kupunguza tumbo na dawa ya Kichina ya kuongeza makalio, muuzaji huyo huyo, na wateja wa pande zote mbili wakiwa na aibu ile ile.

Kuna hoja mbili ambazo hutupiwa kila nikisema haya. Ya kwanza ni kwamba aibu hufundisha. Mtu asipoambiwa ukweli hatabadilika. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, nami najua aibu inafundisha nini. Inafundisha kujificha. Mtoto uliyemwaibisha kwa kutojua kusoma hajifunzi kusoma. Anajifunza kukaa nyuma ya dirisha na kuugua siku ya mtihani. Binti wa mwembe alijifunza vizuri sana. Mama wa kuumwa kichwa naye tangu siku ile hakwenda tena zahanati, na mimi kikohozi changu nilikipeleka Morogoro mjini, kwa kuwa nilikuwa na nauli. Yeye hakuwa nayo.

Hoja ya pili ni ya utani. "Mwalimu, huo si ni utani tu?" Jamani, sisi tuna utani, na utani una sheria zake. Mtani wa ukoo ananiita gunia, nami namwita ufito, na siku ya msiba wangu ndiye atakayechimba kaburi na kuwachekesha wanangu wasife kwa huzuni. Ananichokoza kwa kuwa ana deni kwangu, na mimi ninalo kwake. Mhudumu wa afya aliyeajiriwa juzi kutoka mkoa mwingine si mtani wangu. Mhubiri aliye kwenye kipaza sauti si mtani wangu. Kondakta si mtani wangu. Mtu ambaye siwezi kumjibu hawezi kunitania.

Nimelipeleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Niliomba mambo matatu madogo: mizani ihamishwe kutoka mwembeni iwekwe ndani ya chumba, uzito wa mtoto aambiwe mama yake peke yake, na kila mtu mzima anayefika zahanati, mnene au mwembamba, apimwe presha kwanza kabla ya kuulizwa anakula nini. La presha lilipita bila ubishi, ingawa mtu mmoja alitaka kujua betri za kipimo zitanunuliwa na nani. Kwenye la mizani akasimama mzee mmoja, ndugu wa upande wa mama yangu, akauliza kwa upole kabisa: kama uzito hautasomwa kwa sauti, sisi wengine tutajuaje ni mtoto wa nani amekonda?

Nikamwambia, "Hamtajua, mjomba."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaingia kwenye agenda ya barabara.